Kununua Hifadhi ya Diski za RAID: Mpangilio Upi Utangulie

Anayenunua kasha la diski kwa mara ya kwanza huvutwa na idadi ya terabaiti iliyoandikwa kwenye boksi, ilhali swali zito ni hili: diski moja ikifa, data itabaki salama kwa kiasi gani hadi diski mpya iwekwe na kujazwa? Ngazi za RAID zimepangwa hapa kwa kufuata swali hilo.

RAID ni utaratibu wa kuunganisha diski kadhaa ili kompyuta izione kama diski moja. Jina hilo lilienea kutokana na makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wakati huo herufi ya I ilimaanisha bei nafuu, jambo ambalo baadhi ya vifaa vya leo vimelisahau kabisa. Kuakisi ni kuandika data ileile kwenye diski mbili. Kugawa vipande ni kuitawanya data katika diski zote ili zisomwe kwa pamoja. Pariti ni hesabu ya ziada inayohifadhiwa pamoja na data: ukijua kwamba jumla ya namba mbili ni 12 na moja iliyobaki ni 7, huhitaji kuambiwa kwamba iliyopotea ni 5.

Nafasi ya kwanza naipa RAID 1, yaani kuakisi, kwa kuwa wanunuzi wengi wa nyumbani na ofisi ndogo hutosheka na diski mbili. Nusu ya nafasi hupotea, lakini kurejesha ni kunakili tu.

Ya pili ni RAID 6, inayofaa diski kubwa nne au zaidi, kwa sababu huhifadhi pariti mbili, hivyo hustahimili kifo cha diski zozote mbili. Diski nne za terabaiti 4 hutoa terabaiti 8, sawa na RAID 10, ambayo naiweka ya tatu. RAID 10 hugawa vipande juu ya jozi zinazoakisiana, na hupoteza kila kitu diski mbili za jozi moja zikifa. Hata hivyo, kwa hifadhidata inayoandika data kidogo kidogo mara nyingi ningeitanguliza, maana RAID 6 hulazimika kusoma na kuandika upya pariti mbili kila mara.

RAID 5, yenye pariti moja tu, ni ya nne, ingawa diski zilezile nne zingetoa terabaiti 12 na wauzaji huipenda kwa sababu hiyo. Diski moja ikifa, zilizosalia husomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho ili kuijenga upya, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi au hata siku, na katika muda huo hakuna kinga tena. Maelezo ya kiufundi ya diski nyingi za kawaida hutaja kikomo cha kosa moja lisilosahihishika kwa kila biti trilioni 100 zinazosomwa, takriban terabaiti 12.5. Hicho ni kikomo cha mtengenezaji, wala si ratiba ya ajali, lakini kinatosha kunifanya nisite. RAID 0 ni ya mwisho: hugawa vipande bila kinga yoyote, na inafaa kwa faili za muda pekee.

Kabla ya kulipa, hakikisha diski ni za CMR, yaani zile ambazo mistari yake ya kurekodia haipandiani. Katika aina nyingine, SMR, mistari ya kurekodia hupandiana kama vigae vya paa, kwa hiyo uandishi mrefu wa kujenga upya huweza kudorora vibaya. Kadi maalumu ya RAID ina maana ikiwa kumbukumbu yake ya muda inalindwa na betri. Kadi hiyo ikiharibika, huenda ukalazimika kutafuta nyingine inayoelewana na diski zako, ilhali RAID inayoendeshwa na programu kwa kawaida huhamishika kwenda kompyuta nyingine yenye programu hiyohiyo.

Katika bajeti, tenga pia fedha za diski moja ya akiba na nyingine ya nakala rudufu itakayokaa nje ya kasha, kwa sababu faili ukiifuta kwa bahati mbaya, RAID itaifuta kwa uaminifu uleule kwenye diski zote.