Mazda CX-5 ya dizeli na ya petroli: ipi inabana mafuta ukiwa Tanga?

Nimeziendesha zote mbili kwa matumizi ya kila siku hapa Tanga: CX-5 ya dizeli lita 2.2 na ya petroli lita 2.0. Zote ni toleo la kwanza lililotoka Japani, zinavutwa na magurudumu ya mbele na zina gia otomatiki za hatua sita. Nimezichagua kwa sababu bodi ni ileile na matairi ni yaleyale. Ukiweka Hilux ya dizeli kando ya IST ya petroli, hapo unapima gari kubwa na gari dogo, mafuta hujayapima.

Jibu langu mapema: kwa mtu wa barabara ndefu, dizeli inashinda kwa mbali. Kwa mtu ambaye gari lake halitoki mjini, nunua ya petroli, hata kama dizeli bado itakupa kilomita zaidi kidogo kwa lita.

Barabara ya Tanga hadi Dar kupitia Segera, Mkata na Chalinze, spidi 80 hadi 100 palipo wazi na 50 vijijini, kiyoyozi kikiwaka muda wote, dizeli inanipa kilomita 15 hadi 16 kwa lita. Petroli inanipa 12 hadi 12.5. Ukikata kona Msata ukapitia Bagamoyo hesabu haibadiliki sana, mpaka unapoingia kwenye foleni za Dar. Mjini Tanga, mizunguko ya Raskazone, Chumbageni, Ngamiani na Kange, dizeli ni 9 hadi 10, petroli 8 hadi 8.5.

Vipimo vya kiwandani vya Japani, vile vya JC08, vinasema 18.6 kwa dizeli na 16.0 kwa petroli. Yaani kwenye karatasi dizeli imezidi kwa asilimia 16, lakini barabara kuu nimeona karibu asilimia 26, na mjini 15. Usishangae. Kipimo cha JC08 ni cha mwendo wa polepole na hakiwashi kiyoyozi. Barabara ya Segera ina vilima, gari lina mizigo, na kuna malori ya kuyapita. Katika hali hiyo injini ya petroli inalazimika kushusha gia na kupiga mizunguko 4,000 kwa dakika, ilhali dizeli inapanda kwa gia ileile bila kufika 2,000. Nguvu ya kuvuta ya dizeli hii ni Nm 420 kwenye mizunguko 2,000. Ya petroli ni Nm 196 tu. Utaijua tofauti hiyo vizuri kati ya Mombo na Lushoto, kilomita 33 za kona na mlima. Kwenye kupanda peke yake petroli inashuka hadi 6 au 7 kwa lita, dizeli inabaki 9. Kwenye kuteremka zote mbili zinakata mafuta ukiachia pedeli gari likiwa kwenye gia, kwa hiyo usiweke gia huru kwenye mteremko ukidhani unabana mafuta. Unapoteza breki ya injini, na injini inaendelea kunywa ili isizimike.

Watu wengi husema dizeli inabana kwa sababu inakandamiza hewa sana. Kwa magari mengi ni kweli, ila kwa hizi mbili maelezo hayo hayatoshi: dizeli ya Mazda inakandamiza 14 kwa 1 na petroli ya Japani 13 kwa 1, karibu sawa. Sababu ya kwanza iko kwenye mafuta yenyewe. Lita ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli na ina nishati zaidi kwa takribani sehemu moja ya kumi. Sababu ya pili ni namna ya kupumua. Injini ya petroli inadhibiti nguvu kwa kubana mlango wa hewa, na kazi ya kuvuta hewa kupitia tundu jembamba inakula mafuta, hasa gari likiwa limesimama au likienda polepole. Dizeli inavuta hewa karibu bila kizuizi, inapunguza mafuta peke yake. Ndiyo maana ukisimama na kiyoyozi kikiwaka kwenye joto la Tanga, dizeli inakula kidogo kuliko petroli.

Sasa kupima. Namba za dashibodi zina tabia ya kusifia gari. Zangu zimekuwa juu ya ukweli kwa asilimia 5 hadi 10, kwa gari zote mbili. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha tripu sifuri, tembea mpaka tenki lifike robo, kisha rudi sheli ileile na pampu ileile, ujaze tena kwa namna ileile. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Usipime kwa lita 10 au 20: kosa la lita moja kwenye 20 ni asilimia 5, kwenye 40 ni 2.5. Dizeli ina jambo lake la ziada, nalo ni povu. Pampu inajikata kabla tenki halijajaa, na mhudumu akiwa na haraka unaondoka na upungufu wa lita moja au mbili, kisha kipimo kinatoka kizuri kuliko ukweli. Subiri dakika moja povu litulie, endelea kidogo mpaka ijikate mara ya pili, na safari ijayo fanya vivyo hivyo. Kabla ya yote weka upepo wa matairi kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema, asubuhi matairi yakiwa baridi. Na kama umebadilisha saizi ya matairi, linganisha tripu na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka, la sivyo kilomita zako si kilomita.

Kuhusu pesa, bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na mafuta yanayoshuka Bandari ya Tanga yana bei zake tofauti na ya Dar. Soma safu ya Tanga, usisome ya Dar. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme dizeli na petroli zote ni shilingi 2,800 kwa lita. Barabara kuu dizeli inagharimu kama shilingi 181 kwa kilomita, petroli 229. Tofauti ni 48. Kutoka Tanga hadi Dar, kilomita 350 hivi, unabakiza karibu 17,000 kwenda tu. Mtu anayetembea kilomita 20,000 kwa mwaka za namna hiyo anabakiza 960,000. Kwa hesabu hiyohiyo, dizeli ingepanda bei hadi asilimia 25 juu ya petroli ndipo faida ya barabara kuu iishe.

Mjini faida hiyo inayeyuka. Kwa safari fupi za kilomita mbili tatu, nyumbani hadi sokoni, sokoni hadi shule, nimeona dizeli ikishuka hadi 8.3 na petroli 7.8. Kwa kilomita 8,000 za mwaka, tofauti ni kama shilingi 170,000. Pesa hiyo inaondoka kwenye huduma: dizeli inachukua lita 5.1 za oili na filta, petroli 4.2, oili ya dizeli hii ni ghali zaidi, tena kuna filta ya dizeli, na kwenye petroli huna gharama hiyo.

Kubwa zaidi ni kichujio cha masizi kwenye eksozi, DPF. Hiki ndicho kinachoamua kama dizeli inakufaa. Masizi yakijaa, kompyuta inamwaga dizeli ya ziada kwenye silinda baada ya mlipuko, moshi unapata joto la takribani nyuzi 600, masizi yanaungua. Kazi hiyo inataka dakika 10 hadi 20 za mwendo mfululizo. Utaijua kwa dalili: mizunguko ya injini ikisimama inapanda kidogo, mfumo wa kuzima injini kwenye foleni unagoma, feni inavuma, kuna harufu ya moto, na wastani wa mafuta unaporomoka. Ukizima gari katikati ya kazi hiyo, dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili. Rudia hivyo wiki nzima mjini na oili inaongezeka badala ya kupungua. Ndiyo maana kipimio cha oili cha gari hili kina alama ya X juu ya F, alama ya oili kujaa. Oili ikifika X, badilisha siku hiyo, kwa sababu oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi mno na inakwangua beringi na kemushafti.

Gari likiwa halina hitilafu, kazi hiyo hutokea kila baada ya kilomita 150 hadi 250. Ikianza kurudi kabla ya 100, kuna tatizo: nozeli zinamwaga vibaya, njia ya hewa imejaa ukoko wa masizi, au oili si sahihi. Nikiona dalili zimeanza nikiwa mjini, natoka kuelekea Muheza kwa spidi ya 80 bila kusimama. Mara nyingi kazi imekwisha kabla ya kufika. Kwa mtu asiye na sababu ya kutoka mjini kila wiki, hayo ni mafuta yanayoungua bure.

Oili iwe ya majivu machache, yenye kiwango cha DL-1 au ACEA C3 kwenye kopo, na mimi sipitishi kilomita 5,000. Usikubali oili ya malori. Injini itanguruma vizuri tu, lakini majivu yake yanabaki kwenye DPF na hayaungui hata ukienda Arusha na kurudi. Pia nasema wazi kwamba sipendi ushauri wa gereji wa kung'oa DPF na kuidanganya kompyuta. Masizi yale yanakwenda kwenye mapafu ya watoto wa Ngamiani, na ukoko kwenye njia ya hewa unabaki palepale.

Mafuta yenyewe yachunguze. Mfumo wa nozeli hizi unafanya kazi kwa msukumo unaofika bar 2,000, na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hailainishi pampu. Nunua sheli yenye mzunguko mkubwa na udai risiti ya EFD. Pwani hii ina unyevu, hivyo usiliache tenki robo wiki nzima; maji yanajikusanya. Taa ya maji kwenye filta ikiwaka, simamisha gari, yatolewe kabla ya kuendelea.

Anayeagiza kutoka Japani akumbuke ushuru wa bidhaa: injini ya petroli ina cc 1,997, inaangukia kundi la asilimia 5, lakini dizeli ina cc 2,188, inaingia kundi la asilimia 10. Ongeza hilo kwenye hesabu kabla ya kufurahia kilomita kwa lita.

Kwa dizeli iliyokwishatumika hapa nchini, nenda asubuhi injini ikiwa baridi, chomoa kipimio cha oili na uinuse. Ikinuka dizeli au ikiwa juu ya F, uliza maswali. Washa, sikiliza mlio wa chik-chik unaotoka juu ya injini, dalili ya wosha za nozeli kuvuja. Kisha fundi achomeke mashine asome umbali tangu DPF ilipojisafisha mara ya mwisho, msukumo wa moshi kabla na baada ya kichujio, na marekebisho ya kila nozeli. Kwa petroli kazi ni ndogo: plagi, koili, rangi ya oili ya gia, na usikie kama inabadilisha gia bila kugonga.