Miwani ya kukinga macho na leza za nanomita 532 na 1064: lenzi safi, frem inaudhi

Nyota nne, ya tano imekatwa na frem. Naivaa maabara huku Ujerumani, tunapiga leza kwenye mvuke wa nitromethani tuone inavyovunjika. Kwa msioijua, ndo ile wanayochanganya kwenye mafuta ya magari ya drag na vigari vya rimoti. Msitegemee sinema lakini, mvuke wenyewe ni kiduchu na hakuna kinacholipuka, mpigo wa leza unakata bondi ya kaboni na nitrojeni, kipande cha CH3 kinaenda huku cha NO2 kule, af leza ya pili yenye urefu wa wimbi wa nanomita 226 inaiwasha gesi ya NO inayotoka na sisi tunasoma mwanga wake.

Sasa leza yetu ni Nd:YAG, aina ya leza ya fuwele, inazaliwa nanomita 1064 ndo inageuzwa kuwa 532 ya kijani kisha 266 ya UV (urujuanimno), kwa hiyo mezani kuna mabaki ya zote, na ile 1064 huioni kabisa ila jicho linaikusanya vizuri tu mpaka kwenye retina. Ndo maana nilitaka lenzi moja inayozuia kuanzia UV hadi kijani pamoja na 1064. Hii ina OD 6 (kipimo cha lenzi inavyozuia mwanga), yaani inapitisha sehemu moja tu kwa milioni, na ina alama ya EN 207, kiwango cha Ulaya cha miwani ya leza, maana yake lenzi imepimwa na kupigwa leza moja kwa moja, sio kuchuja tu. Zile za bei chee mtandaoni zisizo na alama hiyo mimi hata bure sichukui.

Lenzi ni ya chungwa, taa za kijani kwenye mashine unazisahau, na mwali wa 532 huuoni. Wengine hapo ndo wanavua, jamani msivue! Chukua kikaratasi cha kunata cha rangi ya chungwa inayong'aa, mwali ukikigusa kinawaka chungwa na hiyo inapita kwenye lenzi, karatasi nyeupe ya kawaida haikusaidii.

Frem sasa. Imekatwa kwa pua nyembamba, kwangu inateleza na inaacha mwanya chini ya jicho, kwa zaidi ya euro 200 asee hapana. Nimefunga mkanda wa mpira kwa nyuma, afadhali, ila kwenye nywele za kusuka unapanda juu kila saa, mwenye mkanda unaotulia aniambie ameununua wapi.