TAHADHARI: Rupia za Mjerumani zinazouzwa kama "mpya kabisa" zimesuguliwa

Wakusanyaji wa sarafu, kuweni macho. Kuna wauzaji wanaopitisha kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook rupia za fedha za Afrika Mashariki ya Mjerumani, zile za 1890 hadi 1914, wakidai "haijatumika hii, tuma PCGS au NGC, inarudi MS63". PCGS na NGC ni kampuni zinazopima sarafu na kuzipa gredi; MS63 ni gredi ya sarafu ambayo haijatumika. Bei wanayotaja wauzaji ni ya sarafu yenye gredi hiyo. Mali wanayokupa imesafishwa, na mara nyingine ilikuwa kidani. Ukiituma kupimwa inarudi na lebo ya "Details": ni halisi, ila imeharibiwa, kwa hiyo haipewi namba ya gredi. Ada ya upimaji hairudi, posta na bima zimeshakutoka, na kasoro imeandikwa rasmi kwenye kesi ya plastiki inayofungiwa sarafu ili kila mnunuzi ajaye aisome.

Kipimo cha kwanza ni taa, na hakigharimu kitu. Zima taa za chumbani, washa balbu moja, shika sarafu kwa ubavu chini yake, kisha izungushe polepole huku ukiilaza upande huu na upande ule. Sarafu inapopigwa kiwandani, fedha husukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mistari hiyo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke juu ya sarafu kama njiti za gurudumu. Asidi huila, brashi huifuta, na ikishaondoka hakuna dawa ya kuirudisha. Ukiona weupe uliotulia mahali pamoja, uso mzima unang'aa sawasawa bila mwanga kutembea, hiyo imechovywa kwenye dawa ya kung'arishia au imekaa kwenye ndimu kupita kiasi.

Sasa chukua lenzi ya sonara ya mara 10 uangalie sehemu tambarare zilizo mbele ya uso wa Kaiser, yaani mfalme wa Wajerumani. Mikwaruzo ya matumizi huenda ovyo, mingine mirefu, mingine mifupi, kila mmoja na njia yake. Mikwaruzo ya kitambaa au dawa ya meno ni myembamba kama unywele, mingi, imelala upande mmoja au inazunguka, na huwaka yote kwa pamoja taa inapofika pembe fulani. Kisha ingia ndani ya herufi za GUILELMUS, jina lake kwa Kilatini. Msuguo haufiki kwenye kona, ndiyo maana utakuta uchafu mweusi umebaki ndani ya herufi huku pembeni pamekuwa peupe, au unga mweupe wa dawa umeganda kwenye pembe za E na M. Unga huo ukiuona, mazungumzo ya bei yameisha.

Halafu linganisha uchakavu na mng'ao. Sehemu zilizoinuka zaidi, kama ndege aliye juu ya kofia ya chuma na masharubu, ndizo huisha kwanza. Fedha iliyopita mikononi mwa watu huwa ya kijivu. Ndege amelainika mpaka manyoya hayaonekani, halafu sarafu inameremeta kama imetoka kiwandani jana? Haiwezekani.

Wapo wanaotumia drili yenye brashi ya waya kuigiza mng'ao wa kiwandani. Kwenye picha hupendeza kweli. Chini ya lenzi, brashi imesukuma chuma kikarundikana kando ya herufi, hivyo kila herufi inakuwa na kijiukuta upande mmoja.

Kwa mali ya huku kwetu, ubaya mkubwa zaidi ni vidani. Pwani nzima hadi Maskati, rupia na riale za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za fedha za Austria, zimevaliwa shingoni vizazi na vizazi. Sonara huondoa pete, hupiga tupa, kisha husugua sarafu nzima ili alama ya tupa isijitenge. Anza juu kabisa, pale namba 12 inapokaa kwenye saa ya ukutani, angalia ubavuni: meno ya ukingo yamekatika au yamelainika kwa milimita 3 au 4, na mara nyingi pana doa la lehemu lenye rangi iliyopauka kuliko fedha yenyewe. Tundu lililozibwa huonekana kama duara hafifu, na maandishi hapo yamechorwa upya kwa mkono, hayanyooki. Riale ya Maria Theresa ina maandishi ubavuni, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Yasome yote mpaka mwisho, kwa sababu tupa huyala.

Mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01 ni lazima. Rupia moja ni gramu 11.66, sarafu ya rupia mbili ya 1893 na 1894 ni 23.32, riale ya Maria Theresa ni 28.07. Uchakavu hupunguza kidogo tu. Kama una shaka na chuma chenyewe, weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini wala kingo. Rupia nzima itasoma kama 1.13. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba hiyo: fedha hii hutoa takriban 10.3, shaba nyeupe na shaba ya njano hazifiki 9. Sarafu bandia za rupia mbili zimejaa sokoni, kwa hiyo usiipokee yoyote bila kupima.

Rangi nazo hupikwa. Buluu na zambarau kali zilizokaa juu ya mikwaruzo ya kusugua maana yake sarafu ilisafishwa kwanza, kisha ikapakwa salfa. PCGS ina namba 91 kwa rangi yenye mashaka, na 92 kwa iliyosafishwa.

Akikuonyesha iliyomo tayari kwenye kesi, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni. Namba kukubali haitoshi, maana wezi hunakili namba halali. Linganisha picha, alama kwa alama, kama picha ipo.

Kabla ya kutuma pesa kwa simu, dai video isiyokatwa ya sarafu ikizungushwa chini ya taa moja, picha ya ubavu wote, sarafu ikiwa juu ya mizani, na maandishi kwamba ikirudi "Details" anarudisha pesa. Wengi hunyamaza wakifika kwenye ubavu.

Na wewe mwenye rupia ya bibi kabatini: ukwaju, majivu na magadi viache jikoni. Kama ina utando wa kijani unaonata kutoka kwenye mfuko laini wa plastiki, ichovye kwenye asetoni safi, si ile ya kutolea rangi ya kucha yenye mafuta na manukato, ndani ya chombo cha glasi, mahali penye hewa na mbali na moto. Itoe, iache ikauke yenyewe. Usiifute.