MacPorts kwenye MacBook ya mwaka 2010: uzoefu wangu

Kazi yangu hapa Ngamiani, Tanga, ni kuhamisha sauti za kanda za kaseti ziwe mafaili ya kompyuta. Wateja huniletea kanda za harusi, za mawaidha, na zaidi ya zote za taarabu, kwa kuwa mji huu ndio uliozaa vikundi vya Black Star na Lucky Star, na nyumba nyingi bado zina boksi la kanda juu ya kabati. Kifaa changu cha kuingizia sauti hutumia waya wa FireWire, na tundu lake lipo kwenye MacBook Pro yangu ya mwaka 2010, ambayo kirasmi haipokei mfumo endeshi wowote uliotoka baada ya High Sierra wa mwaka 2017. Kununua kompyuta mpya kungenilazimu kukiacha pia kifaa cha sauti ambacho hakijanikosea lolote.

Kilichokuwa kikinikwamisha, hadi nilipoipata MacPorts, njia ya kuweka programu mpya kwenye Mac, ni zana za mstari wa amri, yaani programu zinazoendeshwa kwa kuandika amri badala ya kubofya. High Sierra huja na rsync 2.6.9 (ya kunakili mafaili) na bash 3.2 (ya kusoma na kutekeleza amri), matoleo yenye asili ya mwaka 2006, kwa sababu yale yaliyofuata yalihamia toleo la tatu la GPL, leseni ya programu huria, na Apple haikuyaingiza katika mfumo wake. Kanda ya dakika 60, ikirekodiwa kwa kilohezi 96 na biti 24, hufikia takribani gigabaiti 2, kwa hiyo kunakili kwenda diski ya nje ni shughuli ya kila siku. Rsync ya zamani huorodhesha kwanza mafaili yote ndipo ianze kunakili, ilhali toleo la tatu hunakili huku ikiendelea kuorodhesha. Kwa diski yenye makumi ya maelfu ya mafaili, hiyo ni tofauti ya kumaliza kikombe cha chai au kutokigusa.

MacPorts, mradi ulioanza mwaka 2002 kwa jina la DarwinPorts, husambaza vifurushi vya programu (si vya bando) hata kwa mifumo mikongwe kuliko wangu. Niliweka kwanza zana za mstari wa amri za Xcode, programu ya Apple ya kuundia programu, kisha kisakinishi cha MacPorts cha High Sierra, halafu nikaandika sudo port install flac rsync bash, na vyote, pamoja na flac ya kubana sauti bila kuipunguzia ubora, vikashuka vikiwa tayari. Nilichokipenda ni kwamba kila kitu hukaa ndani ya /opt/local, na zana za Apple hubaki zilipokuwa bila kuguswa, mfano wa banda la uani lililojengwa bila kubomoa ukuta wa nyumba kubwa.

Utengano huo huo ndio ulionipotezea siku mbili. Nilikuwa na skripti (faili la amri) ya kupanga kanda kwa jina la mteja, inayotumia safu zenye funguo za maneno, jambo lililoanza katika bash 4. Nikiandika bash --version kwenye Terminal, dirisha la kuandikia amri, jibu lilikuwa toleo jipya. Nikiendesha skripti, inakataa. Kumbe mstari wake wa kwanza ulisema #!/bin/bash, yaani nilikuwa naiita bash ya zamani kwa anwani yake kamili, na mpangilio wa PATH, orodha ya mahali kompyuta inapotafuta programu, haukuwa na la kufanya. Nilipoubadilisha kuwa #!/opt/local/bin/bash, kazi ikaenda.

Kwa ffmpeg, programu ya kubadili miundo ya sauti na video, nilijitafutia taabu mwenyewe. Niliiomba pamoja na chaguo la +nonfree, ili nipate kisimbaji cha AAC (muundo wa kubana sauti) nilichokitaka kwa faili za simu za wateja. Chaguo hilo huzuia kisheria kusambaza programu iliyokwisha kuundwa, hivyo mashine ikalazimika kuiunda yenyewe kutoka msimbo chanzo. Alasiri nzima feni ililia, umeme ukakatika, na betri yangu ya uzeeni haikufika magharibi. Nilipowasha tena na kurudia amri ileile, hatua zilizokwisha kukamilika hazikurudiwa, nami nikashukuru. Asiye na haja maalumu na achukue kifurushi cha kawaida.

Anayefikiria kuijaribu ajue pia kwamba baada ya kusasisha, matoleo ya zamani hayafutwi hadi uamuru mwenyewe kwa sudo port uninstall inactive, na diski ndogo hujaa upesi. Maelezo na jumbe zote ni za Kiingereza. Tena, zana mpya hazikarabati mfumo ulio chini yake: High Sierra haipati tena marekebisho ya usalama, kwa hiyo barua pepe na mambo ya benki nayafanya kwenye simu, na kompyuta hii naiunganisha na intaneti Jumapili tu, kwa ajili ya sudo port selfupdate, amri ya kusasisha MacPorts, kisha naikata.