TAHADHARI: Geji za temperecha zenye mshale unaosimama katikati siku zote

Assalaam alaykum ndugu zangu, khasa nyinyi wenye Land Rover za zamani, Morris Minor na zile gari za kizamani zinazokodiwa kwa harusi. Kuna kijana anauza geji za temperecha kwenye makundi ya WhatsApp ya Unguja na Pemba, anasema ni orijino zimetoka Uingereza. Zimechezewa. Usinunue, na kama umeshafunga, usiitie gari safari ndefu mpaka uipime.

Mimi ni fundi umeme wa magari na gari za aina hii ndizo zinazonipa riziki. Tangu kabla ya Ramadhani naletewa geji hizi na lalamiko ni lile lile: "Fundi, geji inasema sawa, lakini gari inachemsha." Nimezifungua. Ndani ya geji iliyo nzima, isiyochezewa, kuna waya mwembamba uliozungushwa kwenye ubapa wa bati. Ukipata moto, bati linapinda na mshale unapanda. Waya huo unatakiwa uishie kwenye nati ya nyuma, ile inayokwenda kwenye sensa ya injini. Hizi za huyu kijana umekatwa hapo, ukaungwa rizista ndogo (kile kidude cha kupunguza umeme), na ncha ya pili ya rizista imechomewa risasi kwenye bati la geji lenyewe. Kwa hiyo ukifungua swichi, umeme unapita kwenye rizista, unaingia kwenye bodi, mshale unapanda taratibu mpaka N, yaani kawaida, katikati ya C (baridi) na H (moto), na unatulia hapo. Injini baridi, N. Injini inatoa mvuke, N. Nati ya sensa ipo na waya unafungika vizuri, ila nyuma yake hakuna kitu.

Ninavyoona mimi, nyingi kati ya hizi ni geji za mafuta zilizobandikwa uso mpya wenye C, N na H. Mtambo wa ndani karibu ni ule ule, na geji za mafuta za gari zilizokufa zimejaa kila gereji. Sensa inayolingana nazo hana, ndiyo akaja na rizista. Mwenye kazi ya mikono ni hodari, hilo simnyimi. Risasi yake safi kuliko ya mafundi wengi ninaowajua.

Sasa angalieni anavyouza, maana hapa ndipo watu wanapoingia. Mnakutana, mara nyingi Darajani au karibu na bandari. Anatoa kibetri cha pikipiki na waya mbili. Moja anaigusisha kwenye nati ya umeme, ya pili kwenye bati la geji. Mshale unapanda polepole mpaka katikati na kusimama. "Unaona, bro? Iko nzima." Mteja anafurahi, anatoa laki na nusu.

Jamani, hiyo ndiyo dalili yenyewe! Geji nzima ya aina hii, ukiiunga hivyo bila sensa, mshale haupandi hata kidogo, kwa sababu umeme hauna pa kutokea. Na ukiunga betri moja kwa moja kwenye nati zote mbili, utakimbilia H na kupitiliza, na ukiuacha hapo waya wa ndani unaweza kuungua. Kusimama katikati hakupo. Ukiona imesimama katikati bila sensa, rudisha pesa yako mfukoni.

Madhara yake si madogo. Kuna mzee wa Pemba, Land Rover yake inabeba karafuu, na mnajua njia za kule zilivyo na vilima. Mpira wa rejeta ulipasuka mlimani, yeye akatazama geji, N. Akaendelea. Alipoona mvuke unatoka chini ya boneti gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeshaungua. Niseme na hili: injini ikimwaga maji yote, hata geji nzima inaweza kudanganya, kwa sababu sensa inabaki hewani. Lakini geji nzima ingempandia kwanza maji yalipoanza kupungua. Hii haikutikisika.

Waliofunga tayari, kipimo hakihitaji fundi. Asubuhi, injini imelala usiku kucha, fungua swichi bila kuwasha gari na usubiri kama nusu dakika. Mshale ubaki C. Ukipanda mpaka N wakati injini baridi, umeuziwa. Kisha washa, acha injini ipate moto, halafu chomoa waya kwenye sensa. Kwenye gari za Kiingereza za wakati ule ni waya wa kijani wenye mstari wa buluu. Mshale lazima ushuke C. Ugusishe waya huo kwenye bodi sekunde chache tu, mshale uelekee H. Kama hautikisiki kwa lolote kati ya hayo, geji yako haina mawasiliano na injini.

Kabla ya kununua, dai sensa yake na maji ya moto. Birika la chai linatosha. Unga geji na sensa, mwili wa sensa uwe na ethi, yaani uungwe kwenye ncha ya pili ya betri, umeme upitie stabilaiza (kijibati kinachoshusha umeme wa geji) kama gari yako inayo, kisha tumbukiza ncha ya sensa kwenye maji ya kawaida, halafu ya moto. Mshale utembee kufuata maji. Muuzaji mkweli hatakuona mkorofi. Huyu kijana ukimtajia birika anasema ana haraka, boti inaondoka.

Stabilaiza nazo anauza, zile za kushusha umeme mpaka wastani wa volti 10. Niliyoletewa ilikuwa na kipande cha waya tu ndani, umeme unaingia na kutoka vile vile, kwa hiyo geji zote zinasoma juu, ya mafuta na ya temperecha. Ile ya zamani iliyo nzima, ukiipima kwa balbu ndogo, balbu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Wenye Morris Minor mnawindwa zaidi, kwa sababu gari hiyo haikutoka kiwandani na geji ya temperecha, kila mmoja anatafuta ya kuongeza. Tena kuna uongo wa kwenu peke yenu. Gari hizo nyingi chanya ya betri inakwenda kwenye bodi, naye anadai kuna geji maalumu ya "chanya kwa bodi" ya bei ya juu. Geji hizi za bati na waya wa moto hazijali umeme unaingia upande gani. Ni ile ile.

Geji za mrija mwembamba wa shaba, zisizotumia umeme, anazo pia. Mrija ukishakatika au kutoboka, kilichomo ndani kinatoka na geji imekufa. Akikwambia "itaamka ikipata presha ya injini," mwache aende nayo.

Ndugu wa Pemba, kwenu anataka pesa kwanza kwa simu, halafu anasema mzigo uko kwenye boti ya Mkoani. Namba anabadilisha, ila picha anazotumia ni zile zile: geji tatu juu ya kitambaa chekundu. Tumeni mtu wenu wa mjini aende na birika, au muache. Waliokwisha kutapeliwa, hifadhini ujumbe na risiti za kutuma pesa, mpeleke polisi. Mkienda wengi pamoja itasaidia zaidi kuliko kila mtu na lake.

Geji msizitupe. Kama waya wa ndani haujaungua, rizista inatolewa, waya unarudishwa kwenye nati yake, na ukipata sensa inayolingana inaweza kusoma. Nileteeni niipime, kupima sitozi.