TAHADHARI: Fundi wa "RAM imejaa" anazunguka Lamu mjini

Jamani watu wa Amu, kuna jamaa anapita madukani na kwenye gesti, Langoni mpaka Mkomani, ana begi jeusi na maneno matamu, ati fundi wa kompyuta. Mie kanila elfu mbili na alikuwa aitaka elfu sita nyingine.

Anakaa kwenye laptopu yako, yangu ina RAM ya GB 4 (RAM ni ile kumbukumbu ya haraka kompyuta inapoweka kazi ya saa hiyo), naandikia buking za wageni, anafungua Resource Monitor ya Windows, kile kimstari cha rangi rangi, anakuonyesha mwisho palipoandikwa "Free" halafu anashtuka yeye kabla yako: "Mama, imebaki MB 60! RAM imejaa uchafu, hii wiki haimalizi." Nami nkaona 60 kweli, nkaogopa. Akaweka kiprogramu cha kusafisha, akabonyeza, 60 ikaruka ikawa karibu 1,900, nkamtumia pesa yake kwa Mpesa na chai nkampa juu.

Kumbe bwana! Kaondoka tu nkafungua faili langu la Excel la kila siku, likakaa mpaka nkaenda kugeuza mahamri kwenye karai nkarudi, bado lafunguka.

Mpwa wangu asomea kompyuta Mombasa, ndo kanambia, shangazi, ungetazama ile bluu iliyokoza, "Standby". Mule Windows ilikuwa imeweka nakala za vitu ilivyokwisha kuvisoma kwenye diski, ukivitaka tena vitoke kwenye RAM maana diski ni polepole mno, ni kama mie na unga na iliki, naviweka karibu na jiko hata kama sivitumii saa hiyo. Programu ikitaka nafasi, nakala zinaachiwa papo hapo, hakipotei kitu, vyenyewe viko kwenye diski. Kwa hiyo bluu ile ni nafasi pia, na namba ya kutazama ni "Available", ambayo ni Standby na Free pamoja. Yangu ilikuwa karibu GB 2 siku zote! Jamaa alichofanya ni kunimwagia unga wangu nje na kunilipisha.

Siku ya pili "Free" ikarudi MB 80, nkampigia, ndo akasema sasa ni RAM mpya, elfu sita. Na hiyo nayo ingejazwa vilevile, mashine haipendi RAM ikae bure. Wenye kompyuta za Linux badala ya Windows msijione mko salama, akiandika amri ya free atawasomea safu ya "free", nyie someni "available".

Sisemi RAM haiishi, "Available" ikibaki kidogo kweli na taa ya diski haipumziki basi inunue, ila kwa mtu mwenye duka.

Nasikia sasa kahamia kwenye simu, karibu na Mkunguni, anafunga programu zote ati anasafisha. Namba yangu mie keshaiblok.