Bach safi, ila yule mama wa mlangoni jamani!

Nimeshindwa kunyamaza. Juzijuzi nilienda kwenye onesho la muziki wa zamani hapa Leipzig, kanisani, ala zenyewe za enzi za Bach, yule mtunzi Mjerumani: vayolini za nyuzi za utumbo, filimbi za mbao, viola da gamba (gamba kwa kifupi, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, unaibana kwa miguu) na hapsikodi, kinanda ambacho nyuzi zake zinadonolewa. Nimefika mapema, tiketi mkononi, yule mama wa mlangoni kanitazama juu mpaka chini ananiuliza eti nina uhakika hili ndo onesho nililolijia? Na wenzangu wanapita tu! Nikamjibu kwa Kijerumani chao, ndiyo mama, nimefuata sonata za ogani, vile vipande vya Bach vya kinanda kikubwa cha kanisani. Kimya. Nimeshakaa akaja kuiomba tena tiketi, safu nzima mimi peke yangu.

Basi sonata ya kwanza sikuisikia, nimekaa nimefura tu, na ndo niliyoifuata. Hizi sonata Bach aliziandikia mtu mmoja kwenye ogani, sauti mbili za mikono, ya tatu inapigwa na miguu, hapa wamezigawa, filimbi anachukua yake, vayolini yake, gamba na hapsikodi wanashika besi, yaani unasikia wanavyojibizana. Wanaosema ni kumharibia mzee kazi waache, yeye mwenyewe alichukua konseto ya Vivaldi, mtunzi Mwitaliano, ya vayolini nne akaigeuza ya hapsikodi nne.

Halafu kila baada ya kipande wanasimama kutyuni, zile nyuzi watu wakijaa ndani hazitulii. Nilikereka, na hilo nalo nikamtwika yule mama, sijui kwa nini.

Ila yule dada wa gamba! Upinde anaushika kiganja kikitazama juu, kidole kinazibonyeza nywele za upinde kuzikaza, kwenye vipande vya taratibu sauti inatoka kama mtu anataka kusema kitu anasita, na hapsikodi juu yake inadonoa kama kanuni kwenye taarab. Hapo nilikuwa natoa nyota tano bila ubishi.

Natoka, nani yuko mlangoni? Ananichekea, usiku mwema. Samahani hakuna. Nikashusha mbili palepale. Aa, weka nne, wanamuziki hawana kosa. Lakini hata huyo aliyemweka pale mlangoni si ni walewale? Tatu.

Ukienda kaa mbele upande wa gamba, na tiketi usiiweke mfukoni mpaka watu wapige makofi ya mwisho.